Kabla Hujasema Imekufa

Rongo stima haikatiki. Inapotea, kama mbuzi aliyekata kamba, na hakuna anayejua itapatikana saa ngapi. Wakati mwingine ni dakika kumi tu. Wakati mwingine mvua inaanza kunguruma jioni upande wa Kisii, taa zinapepesa mara mbili, na hadi kesho yake mchana bado tunaulizana kwa majirani kama ni kwetu pekee. Kwa mwenye bucha hiyo ni nyama inayoharibika. Kwa kinyozi ni kichwa kilichonyolewa nusu. Kwangu mimi, ninayeandika makala za watu kwa laptopu ya mtumba na simu moja, ni pesa ya nyumba inayosoma asilimia 14 na kushuka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda. Tangu hapo nakula kwa kuandika: maelezo ya bidhaa ambazo sitawahi kununua, makala kuhusu hoteli ambazo sitawahi kulala, barua za maombi ya kazi za watu wenye digrii. Wateja wengi wako mbali. Huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kukosa stima kwamba transfoma ya mtaani imelipuka. Mara ya kwanza atakuhurumia. Mara ya pili atatafuta mwandishi mwingine, na hatakuambia. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, mimi nilikuwa na maneno mia nane ya kumaliza. Niliyaandika kwa simu, kidole gumba kikiuma, pawabanki ikiwa imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kazi ilifika. Ile kodi ya Septemba ilitoka kwenye ndoo hiyo.

Basi nikazisoma tabia za hiki kidude vile mtu husoma tabia za landilodi. Na kwa kuwa ploti yetu ina vyumba kumi na viwili na kuta za kusikizana, habari zikaenea kwamba yule kijana wa kuandika anajua mambo ya pawabanki. Sasa wanakuja. Na wote huja na neno moja: "Imekufa."

Mimi huuliza, "Imekufa wapi?"

Si kejeli. Moto wa kuchaji unapita vituo kadhaa kabla ufike: soketi, chaja, kebo ya kuingiza, tundu la pawabanki, pawabanki yenyewe, kebo ya kutoa, tundu la simu, simu. Ukisema imekufa umehukumu wote kwa kosa la mmoja. Kanuni yangu ni hii: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Ukibadilisha kebo na chaja kwa mpigo na ikawaka, bado hujui mwenye makosa ni nani, na kesho utanunua vyote viwili bure.

Jirani yangu wa boda alikuja akiwa tayari ameweka kando 2,500 za kununua mpya. Taa zake zilikuwa zinawaka, simu inasema inachaji, lakini asilimia haipandi. "Omera, hii imezeeka," akasema. Tukatumia pawabanki yake na kebo yangu: simu ikapanda. Tukatumia pawabanki yangu na kebo yake: ikakwama palepale. Hapo ubishi uliisha. Kebo nyembamba za bei ya soda huwa na nyaya za shaba kidogo sana ndani, na zikikunjwa kila siku kwenye mfuko wa jaketi zinakatika moja moja. Haifi ghafla, inapitisha moto kidogo unaotosha tu kuwasha alama ya kuchaji. Simu ikiwa na data imewashwa na mwanga umeongezwa, inakula kila kinachoingia. Alinunua kebo ya 200 na zile pesa zingine zikaenda kwa tairi la nyuma.

Kabla hata ya kebo, chungulia tundu. Huku kwetu kuna vumbi la murram, na mfuko wa suruali una nyuzi zake. Vinashindiliwa ndani kila unapochomeka, mpaka kebo haifiki mwisho. Dalili ni kwamba inachaji ukiishika hivi na inakataa ukiiachilia. Zima simu, tumia kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, toa uchafu polepole. Usitumie sindano, kwa sababu chuma kinaweza kuunganisha pini mbili ambazo hazifai kukutana, na hapo ndipo fundi atakuambia "sistimu ya chaji imeenda" na awe anasema ukweli.

Malalamiko ya pili kwa wingi ni kwamba pawabanki haijai. Hapa tatizo huwa ni hesabu. Pawabanki ya 20,000 mAh ina seli za volti 3.7, yaani inabeba wati-saa 74. Angalia maandishi madogo kwenye chaja yako. Chaja ya kabambe nyingi inatoa volti 5 na nusu ampea, ambayo ni wati 2.5. Gawanya: ni saa 30, na hiyo ni kabla ya kutoa kinachopotea kama joto. Kwa mji ambao stima hukaa vipande vipande, utaingoja hadi uzeeke. Chaja ya wati 10 inaifanya kazi ya usiku mmoja. Mwanafunzi wa chumba namba saba alikuwa ameirudisha pawabanki yake dukani mara mbili kwa sababu ya hiyo chaja ndogo nyeupe aliyorithi kwa shangazi yake.

Hesabu hiyohiyo inajibu wanaosema wameibiwa. Mtu ana simu ya 5,000 na pawabanki ya 20,000, anategemea kuchaji mara nne. Haiwezekani. Pawabanki inapandisha moto kutoka volti 3.7 hadi 5, simu nayo inaushusha tena, na kila daraja linatoza ushuru kwa njia ya joto. Ukipata mara mbili na nusu hadi tatu, umepewa haki yako.

Lakini wizi wenyewe upo. Nimeletewa kitu kimeandikwa 50,000 mAh na kina uzito wa mandazi. Seli nyingi za duara zinazotumika humo huitwa 18650, kwa sababu kipenyo ni milimita 18 na urefu milimita 65. Iliyo bora kabisa hubeba kama 3,500 mAh na huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi. Kwa hiyo 30,000 inahitaji seli tisa, ambazo peke yake zinapita gramu 400. Peleka bucha, omba mizani. Ikiwa nyepesi mno, lebo inadanganya. Ikiwa nzito, usishangilie bado, kwani kuna matapeli wanaojaza mchanga.

Kuna matatizo mengine ambayo yanafanana na ugonjwa na ni tabia tu. Mama yangu, nyumbani Kamagambo, nilimpelekea pawabanki ya kuwashia redio yake ndogo jioni. Baada ya siku mbili akanipigia. "Nyathina, hii kitu yako haipendi redio. Inaisikiza kidogo halafu inazima." Nilicheka, lakini alikuwa ameeleza sawasawa kuliko kijitabu cha maelezo. Pawabanki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo sana, hudhani simu imejaa, na hujizima ili zisimalize betri. Redio ndogo na vile vispika vya masikio huvuta kidogo hivyo. Nyingine ukibonyeza kitufe mara mbili zinaingia hali ya vifaa vidogo. Kama yako haina, chomeka simu kwenye tundu la pili, na redio itaimba pamoja nayo. Mama sasa huchaji kabambe yake wakati wa taarifa ya habari. Ananipigia simu habari zikiisha, kuniambia niliyokwisha kusoma mtandaoni, na kuniuliza kama nimekula.

Hizi kebo mpya zenye Taipu-C pande zote mbili pia zinachanganya watu. Pande hizo mbili huzungumza kabla moto kupita, na vifaa vya bei rahisi mara nyingi vimenyimwa kipande kidogo cha kujibia. Pawabanki inauliza, kifaa kinanyamaza, hakuna kinachopita. Rudi kwenye kebo yenye ule mdomo mpana wa zamani upande mmoja. Hiyo haiulizi maswali.

Na kuna ile iliyosahaulika kwenye sanduku miezi sita, haiwaki taa hata moja. Seli ikishuka chini sana, mlinzi wa ndani anafunga mlango. Usiitupe siku hiyo. Ichomeke kwenye chaja nzuri na uiache saa moja au mbili mbele ya macho yako. Zingine huamka. Hata iliyojifunga kwa sababu ya kebo mbovu iliyogusanisha nyaya, mara nyingi hufunguka ikichomekwa tu kwenye chaja.

Kinachonifanya nisiharakishe kutupa si pesa pekee. Sony waliuza betri za kwanza za aina hii, za lithiamu, mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozileta. Kwenye nyingi kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, maeneo kama Kolwezi, ambako wachimbaji wanabishana bei kwa Kiswahili kama sisi. Nikiwa Migori nawaona vijana wetu wakitoka kwenye mashimo ya dhahabu na udongo kwenye nyusi, na najua kitu kilichotoka chini ya ardhi kina mtu aliyeinama kukichukua. Kukitupa kwa sababu ya kebo ya 200 ni dharau.

Lakini iko siku jibu ni kutupa, na hapo ndipo jirani yangu wa chapati alinifundisha ugumu wa hii kazi.

Alikuja usiku, stima imepotea, mtoto wa darasa la nne amemshika leso. Yeye peke yake hakusema imekufa. "Hii iko sawa," akasema, "ila imenenepa." Nikaishika. Ilikuwa imevimba katikati, plastiki imeachana pembeni, na ina joto ilhali haikuwa imechomekwa. Nikauliza huwa anaiweka wapi. Kwenye godoro, kando ya mtoto, ili taa ya kusomea ifike.

Betri ikivimba, kemikali za ndani zimeanza kuvunjika na kutoa gesi. Haina kebo ya kubadilisha. Haina kijiti cha kusafisha. Inaweza kukaa hivyo wiki, au ishike moto leo usiku. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado chini, uwanjani Korea Kusini, na wachunguzi wakasema huenda moto ulianza na pawabanki. Hiyo ilikuwa ndege, yenye milango na wahudumu. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, godoro la sponji, na jiko la mafuta ya taa pembeni.

"Usiitumie tena, Mama," nikamwambia. "Hata mara moja."

"Lakini inachaji."

"Najua."

"Ni ya chapati za mwezi mzima hii. Wewe si ndiye husema watu wasiharakishe?"

Ni kweli, mimi ndiye husema hivyo. Alikuwa amesimama pale na kitu kinachofanya kazi kuliko vyote nilivyowahi kuletewa, na mimi namwambia kimekwisha. Sikuwa na kipimo cha kumwonyesha. Hakukuwa na kubadilisha kimoja kimoja. Nilichokuwa nacho ni ule uvimbe, na mtoto aliyekuwa anatusikiliza wote wawili.

Mtoto ndiye aliuliza, "Inaweza kutuchoma?"

Mama yake hakungoja jibu langu. Alichukua sufuria kuukuu, akaijaza mchanga wa ujenzi ulio nyuma ya ploti, akailaza humo na kuiacha mbali na kuta, mbali na kuni. Nilimwomba asiitoboe, na asiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa kila Jumamosi. Vitu hivi vinahitaji watu wa taka za elektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre inayovipokea, nami nikaahidi kuitafutia njia ya kufika huko.

Usiku huo nilimwazima yangu. Nilikuwa na makala ya kutuma asubuhi na simu ilikuwa asilimia 31, kwa hiyo nilizima data, nikapunguza mwanga hadi mwisho, nikaandika. Kupitia ukutani nilisikia mtoto akisoma kwa sauti habari za mito ya Kenya, akikwama kwenye Athi, akirudia, akiendelea.