Mjini Wanauliza Mlango, Namswea Wanauliza Spea

Msomaji wangu, nenda leo kwenye yadi yoyote ya magari pale Dar, simama dakika kumi tu, usikie familia inavyochagua gari la watu saba. Mama anauliza kama mlango unajifungua wenyewe ukibonyeza kitufe. Watoto wanataka kujua skrini iko wapi. Baba anajifanya mjuzi, anapiga teke tairi, anauliza linakula mafuta kiasi gani. Gari linang'aa, AC inapuliza, dalali anachekelea. Kwisha habari.

Sasa lichukue gari hilohilo ulipeleke Namswea.

Namswea ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa Wamatengo, watu wa milima na kahawa. Kutoka Dar mpaka Songea ni karibu kilometa 1,000, unakaa ndani ya basi mpaka magoti yanasahau kazi yake. Songea hadi Mbinga mjini ni lami, kama kilometa 100 hivi. Hata ile barabara ya Mbinga kushuka Mbamba Bay, kilometa 66, ambayo zamani ilikuwa adhabu, siku hizi ni lami mpaka ziwani. Kwa hiyo mtu wa mjini anadhani mambo yamekwisha. Ngoja kwanza. Lami ina mwisho wake, na nyumbani kwa mjomba wangu kuko mbele ya mwisho huo.

Nilikwenda mwezi wa kumi kwa ajili ya kikao. Mjomba na ndugu zake wanne walikuwa wameunganisha fedha za kahawa za msimu mzima, wakasema safari hii hakuna bati wala pikipiki, linanunuliwa gari moja la ukoo. Gari la kwenda nalo kanisani, msibani, harusini, sokoni Mbinga, na Mbamba Bay kuwasalimia mashemeji na kurudi na dagaa. Mimi niliitwa kwa kuwa naandika gazetini, na kule ukiandika gazetini unahesabiwa kuwa unajua kila kitu, kuanzia siasa mpaka giaboksi.

Usicheke, jambo lenyewe si la starehe. Mwezi wa pili mke wa binamu yangu alishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha kama imetumwa. Gari la kukodi halikupatikana. Akapakiwa kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mama mkubwa nyuma amemkumbatia, wakaanza kushuka kilima kwenye utelezi. Hawakufika kituo cha afya. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye nyumba ya watu wasiowajua, kwa taa ya simu. Ni mzima, mnene, wamembandika jina la utani, Boda. Hadithi hiyo ikisimuliwa wote wanacheka isipokuwa mama mkubwa. Yeye ndiye aliyetoa mchango kuwapita wanaume, na kwenye kikao ndiye aliyeuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye yadi yoyote ya Dar.

"Mtu anaweza kulala humo ndani, akanyooka?"

Kabla sijafika kwenye magari, nikueleze udongo. Wamatengo wana kilimo chao kinaitwa ngolo. Wanalaza majani mteremkoni kwa mistari inayokatana, wanayafunika kwa udongo, kati yake vinabaki vishimo. Ukiutazama mlima kwa mbali unaona kama mtu kautandika sega la nyuki. Mvua ikipiga, maji yanatulia ndani ya vishimo, udongo haukimbii. Barabarani hakuna ngolo. Maji yote yanayokosa kishimo yanapita pale pale gari linapotaka kupita, na udongo ule ukilowa ni sabuni. Madereva wazoefu wanafunga minyororo kwenye matairi. Wasio na minyororo wanalala njiani.

Na kuna mtego mmoja. Kahawa inavunwa wakati wa kiangazi, fedha zinaingia kiangazi hichohicho. Kwa hiyo watu wananunua magari wakati barabara ni kavu, ngumu, vumbi tupu. Mwezi wa kumi kila gari ni bomba! Ubishi unaanza Desemba.

Haya, tuingie uwanjani. Binamu yangu mmoja anaishi Dar, Tabata, na alikuja na picha kwenye simu. Chaguo lake lilikuwa Nissan Serena, ile iliyotoka Japan mwaka 1999. Na tuseme haki, kwa mambo ya ndani Serena ni kiboko. Ina milango ya kuteleza pande zote mbili, viti vinasogea mbele na nyuma utakavyo, kimya ukiwa lamini. Chaguo lake la pili ni Noah mpya, iliyoanza mwishoni mwa 2001, nayo ina milango pande zote, na ndani mna ile sauti ya dada wa Kijapani anayekusemesha kila ukiwasha. Mjomba aliisikia sauti hiyo kwenye gari la mtu akauliza, "Anasema nini?" Hakuna aliyejua. "Basi kama ni onyo tumekwisha," akasema.

Mpinzani wao ni babu yao, Noah ya kwanza, ile wenyewe wanaita SR40. Ilitengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001, maana yake hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 20. Mlango wa kuteleza ni mmoja tu, upande wa kushoto. Injini iko chini ya viti vya mbele, ukitaka kuitazama unainua kiti, na safari ikiwa ndefu dereva anapikwa makalio taratibu. Binamu alisema, "Hicho si chombo cha karne hii." Watoto wa mjini bwana!

Sasa sikiliza mlima unavyoamua. Serena na Noah mpya zile za kawaida zinavutwa na magurudumu ya mbele. Pakia watu wanane na magunia mawili nyuma, halafu panda kilima chenye changarawe. Uzito wote unarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi, magurudumu ya mbele yanazunguka bure kama feni. SR40 inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mzigo ukirudi nyuma ndiyo kwanza inashika ardhi. Ila isifiwe kwa kiasi, ikiwa tupu kwenye tope mkia unacheza taarabu, utajikuta umeangalia ulikotoka.

Mbinga mjini tulimwendea fundi mmoja mtu mzima, mikono myeusi ya oili, maneno machache. Tulimwamkia, tukamtajia majina matatu. Akaguna, akatuonyesha rafu yake. Bushi za Noah, shokapu za Noah, mikanda, pampu ya maji, plagi, zimejaa. Za Serena? Agiza Dar, lipa, subiri basi. Akatufafanulia kwa lugha nyepesi. Injini ya SR40, ile ya 3S ya cc 2,000, inapelekewa petroli kwa njia ya kizamani, ndiyo maana inavumilia. Noah mpya za mwanzo zilikuja na D-4, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake haipendi mafuta machafu. Huku vijijini petroli nyingine inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Jumlisha mwenyewe.

Halafu giaboksi. Serena hiyo ina giaboksi ya mkanda, CVT, isiyo na gia za kupanda ngazi kama tulizozoea. Inataka oili yake maalumu. Ukiiwekea oili ya auto ya kawaida umeiua. Si kwamba ni mbovu, la hasha, iliundwa kwa nchi ambako oili hiyo iko kila kona. Pale Namswea kuna jirani mmoja ana gari zuri, aina yake naiweka mfukoni, liliwekewa oili isiyo yake, na tangu masika limeegeshwa chini ya mparachichi. Kuku wanataga kiti cha nyuma. Lile gari lilikuwa ada ya shule ya watoto wawili.

Mimi, kusema kweli, roho yangu ilikuwa kwenye Mitsubishi Delica. Sitaficha. Ile Space Gear iliyoanza 1994, dizeli ya cc 2,800, magurudumu manne yanavuta, ina na gia nzito ya kupandia milima. Imeinuka juu, ina sura ya kibabe, yaani ukiiona unajua tope haliitishi. Kama mashindano yangekuwa ni kupanda tu, ningefunga kesi hapo. Fundi alikubali, akasema hakuna van ya familia inayoigusa kwenye utelezi. Kisha akauliza, "Ikichemka, kichwa cha silinda mtakitoa wapi?" Kimya. Gari hilo limekuja nchini kwa uchache, na kwenye mji mdogo uchache ni ugonjwa. Nyie wenye mshiko wa kutosha na jamaa wa spea Dar, chukueni Delica mtanikumbuka. Wa kahawa hawezi.

Hiace tuliiacha mapema. Ngumu, ndiyo, lakini mama wakubwa walisema ukiwa na Hiace kijijini umeshafungua daladala, kila anayekuona barabarani anapunga mkono.

Kwenye kushuka ndiko mjomba alikotia wasiwasi. Wengi wenye auto wanateremka wakiwa kwenye D, mguu juu ya breki kutoka kileleni mpaka bondeni, na breki zikishapata moto wa kutosha zinakataa kazi. Fundi alimwambia arudishe gia kwenye 2, na pakizidi ateremshe kwenye L, injini yenyewe imzuie. Mjomba akamwagiza binamu aandike kwenye karatasi, ikabandikwe mbele ya dereva, awe nani awe.

Basi wakaamua SR40, kura nne kwa moja, huyo mmoja alikuwa baba yake binamu wa Tabata. Ilipatikana Songea, namba C, rangi ya maziwa iliyoanza kuchoka. Muuzaji alitaka tuijaribu mjini, azunguke nasi kwenye lami. Mjomba akakataa kwa upole kabisa. Akasema tutalipa mafuta, twende nayo mlimani. Tukapanda watu saba, magunia mawili ya mahindi, na fundi wa Mbinga aliyekodiwa siku nzima, yeye macho kwenye mshale wa joto tu. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama katikati, haukusogea tena. Tulipofika juu akainua kiti, akanusa, akashika mabomba ya rejeta, akaingia uvunguni. Akatoka na maneno matatu: shokapu za nyuma. Muuzaji akapunguza bei kwa shingo upande.

Mama mkubwa hakusikiliza habari za shokapu. Alimwambia binamu akunje vile viti vya nyuma kabisa, vinapandishwa pembeni, halafu viti vya katikati avilaze. Akatandika kitenge, akajilaza chali na viatu vyake, miguu ikanyooka mpaka mwisho, akafunga macho.

"Haya, shusheni polepole," akasema, "nisikie mashimo."

Tukashuka naye hivyohivyo, gia kwenye 2. Malipo yalifanyika jioni ile, na wiki iliyofuata Noah ilikwenda Mbamba Bay kuchukua dagaa. Binamu ndiye aliyeendesha.