Njia ya Mkato Niliyojifunza Kariakoo

Likizo ya Juni iliyopita nilikaa Kariakoo kwa mjomba wangu, ambaye ana duka dogo la kuchapa na kutoa nakala karibu na Mtaa wa Kongo. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia wateja habari katika kompyuta na kuwachapia.

Siku moja alikuja mama mmoja auzaye nyanya kando ya barabara. Alitaka habari za maisha ya Shaaban Robert kwa ajili ya mwanawe wa darasa la sita. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilitaka nionekane hodari. Niliandika jina, nikafungua ukurasa wa kwanza ulionijia, umejaa matangazo, nikauchapa bila kuusoma.

Baada ya siku mbili mama yule alirudi, akaiweka karatasi mezani.

"Mwanangu," akasema, "mtoto wangu amechekwa huko twisheni. Karatasi yako yasema Shaaban Robert alifariki mwaka 1972. Mimi nyanya mbovu huzitoa kabla sijapima. Wewe mbona hukuchambua?"

Nilikosa la kusema. Mjomba alimrudishia fedha zake na kumwomba radhi.

Jioni, tulipokwisha funga duka, mjomba aliniita. "Mwenyeji wa Kariakoo," alisema, "hazunguki mitaa yote akitafuta nyanya. Huenda moja kwa moja kwa muuzaji anayemwamini. Na kompyuta yaweza kufanya hivyo."

Akafungua mipangilio ya Chrome, upande wa injini za kutafuta, akachagua kuongeza tovuti. Palikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza aliandika jina, Wikipedia ya Kiswahili. Ya pili aliandika neno fupi la mkato, kw. Ya tatu aliandika anwani hii: https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s. Alama ile ya %s ni kama kiti kitupu: neno lolote utakalotafuta ndilo litakalokikalia. Akahifadhi. Kisha katika kisanduku cha anwani nikaandika kw, nikabonyeza Tab, nikaandika Shaaban Robert na kubonyeza Enter. Mara nikafika, bila kupita penye matangazo.

Nilifurahi, nikataka kuchapa papo hapo. Mjomba akanishika mkono. "Wikipedia huandikwa na watu wa kujitolea," alisema, "hata wewe waweza kuihariri. Linganisha kwanza." Nikachukua kitabu changu cha Kiswahili, nikalinganisha mstari kwa mstari: alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, alifariki mwaka 1962.

Asubuhi nilimpelekea mama karatasi mpya penye meza yake ya nyanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii umeichambua?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja vizuri, akaitia katika kanga yake.

Wenzangu, hapa shuleni saa zetu za kompyuta ni chache, na mashine moja twaitumia watu watatu. Jifunzeni njia hii ya mkato. Itawaokolea dakika nyingi. Lakini kumbukeni kwamba hutufikisha mlangoni tu. Kuchambua bidhaa ni kazi yetu wenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne