Ukienda Kisumu, uliza samaki ametoka wapi

Mkinifuata kitambo mnajua mathe huuza samaki stage moja hapa Kayole. Karai, mafuta, gazeti la kufungia, kuanzia saa kumi na moja jioni. Mgongo wazi ndiyo hutoka haraka. Kama wewe ni wa Donholm na unajifanya hujui mgongo wazi, ni ule mfupa wa mbuta unaobaki viwanda vikishatoa minofu ya kupeleka Ulaya. Kichwa, uti wa mgongo, na nyama kidogo iliyokataa kutoka. Wazungu wanachukua mnofu, sisi tunanyonya mfupa, na niamini, utamu uko kwa mfupa.

Miaka kumi na nne ameuza samaki na hajawahi kuona ziwa. Kwao ni Machakos. Ziwa lake ni Gikomba, alfajiri, barafu ikiyeyukia kwa viatu. Kwa hivyo hoteli moja ya Kisumu iliponiandikia niende nidishi bure, nitoe vidio, nilipwe ngiri kumi, mathe hakuuliza kuhusu pesa. Alisema tu, "Unipigie picha ya hiyo maji."

Ngiri kumi ni rent yangu na chenji inabaki. Nikapanda basi ya usiku.

Hoteli siitaji jina. Mandhari, wueh! Ziwa Victoria liko hapo mbele kama bahari, magugu maji yanaelea kama shamba limeng'oka, mitumbwi mbali kule. Meza ina kitambaa cheupe. Nikaletewa tilapia mzima, na kwa menyu bei yake ni 1,800. Nikapiga picha. Halafu nikaangalia meza ya jirani, na ile ya nyuma yake. Samaki wote saizi moja, kama matofali.

Mtoto wa muuza samaki huwezi kumficha kitu kama hiyo. Ziwa halizai saizi moja. Nilipomgusa nyama ikamomonyoka, ile ulaini ya kitu imekaa kwa friza sana. Nikamuuliza weita polepole, "Buda, huyu ametoka hapa?" Akaangalia nyuma, akasema, "Huyu ni wa katoni, boss. Wa China." Na akacheka, kwa sababu ziwa lilikuwa hatua mia mbili kutoka tulipokaa.

Sasa, samaki wa China si sumu. Gikomba wako, mathe mwenyewe huwauza mbuta ikiadimika. Na kuadimika kwenyewe ni kweli: wavuvi wanalia kila mwaka samaki wamepungua, ndio maana siku hizi kuna vizimba vya kufugia tilapia humo humo ziwani. Shida yangu ilikuwa maneno niliyotumiwa niweke chini ya vidio: "Freshi kutoka ziwani hadi sahani yako."

Na mathe huwa na kitu moja. Mteja akisimama kwa karai anamwambia, "Huyu ni wa ziwa, huyu ni wa China, chagua." Hata asipoulizwa. Nikiwa mdogo nilikuwa naona anajipoteza biashara bure, maana jirani yake huapa wote walivuliwa jana. Nilikaa hapo na hiyo simu nikiwaza vile nitaandika hayo maneno, na yeye atayasoma. Yeye husoma posti zangu zote, hata zenye haelewi.

Nikamwambia meneja nitasifu mandhari, nitasifu huduma, lakini hiyo sentensi siweki. Akasema basi hakuna malipo. Hakunipigia kelele, kusema ukweli. Alinishukuru kwa kuja.

Nikabaki na mia nane na tiketi ya kurudi. Boda akanipeleka Dunga, si mbali na katikati ya mji. Wazee wa mtaa watakwambia uende Lwang'ni, jina ambalo kwa Kijaluo ni nzi, lakini vibanda vingi vya pale vilibomolewa bandari ilipokuwa inafufuliwa. Nenda Dunga. Nenda mchana, usingoje jua lizame kama wale wa kupiga picha, kwa sababu jioni samaki wazuri wameshaisha. Usikae kwanza. Enda kwa mama mwenye samaki, uchague yule unataka kwa macho yako, mkubaliane bei kabla hajaingia kwa mafuta. Ukisema wet fry utangoja, kwa hivyo usiende ukiwa na njaa ya hasira. Ugali inakuja kubwa kuliko unavyofikiria, na mboga ya osuga. Kijiko usiulize.

Mama niliyepata alikuwa na tilapia wawili wamebaki. Nikamuuliza swali lile lile. Akanyoosha kidole, "Huyu ni wa cage. Huyu ameletwa asubuhi na mtumbwi. Huyu wa cage ni rahisi, nyathina." Nilichukua wa mtumbwi, mia tano, na nikamlamba mpaka macho. Nyama ilikuwa imeshikana, inatoka vipande vipande, na ule mchuzi wa nyanya sijui aliufanyia nini. Mmoja alikuwa na kichwa kikubwa kuliko mwenzake. Nilifurahi sana kuona hiyo.

Rent bado sijalipa yote, caretaker ananisalimia kwa herufi moja moja. Na ile vidio iko kwa simu, haijatoka.

Nikiwa hapo Dunga nikamtumia mathe picha mbili: ya maji, na ya sahani kabla sijaimaliza. Ya maji akajibu na makopa matatu. Ya sahani akachukua muda, najua alikuwa anaivuta aone vizuri. Kisha akaandika:

"Huyo ni wa ziwa. Ngapi?"

"Mia tano."

"Wamekuibia mia."

Mwezi wa Desemba akifunga karai, tunaenda naye. Yeye ndiye atakubaliana bei.