Tulimharibia Bibi Picha

Sisi ni walimu wa kujitolea. Mwezi huu tunakiri kosa letu.

Tulipowapeleka watoto Kampala kucheza mpira, bibi mmoja wa hapa kambini alituagiza: "Mniletee picha ya mjukuu wangu akicheza." Mtoto na wazazi wake walikuwa wanangoja ndege ya Kanada. Kesi ya bibi ni tofauti, yeye anabaki.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Mtoto akafunga goli, nasi tukabonyeza. Kumbe kamera tulikuwa tumeiacha ijichagulie, ikachagua 1/60 ya sekunde! Nyasi zilitoka vizuri, milingoti vizuri, lakini mtoto akawa kama moshi.

Mpiga picha mmoja wa mjini akatufundisha kwa hesabu. Mtoto akikimbia mita 6 kwa sekunde, katika 1/60 anasogea sentimita 10. Katika 1/1000 anasogea milimita 6 tu. Basi kwa michezo chagua kasi kwanza: isipungue 1/500, na 1/1000 ni nzuri zaidi.

Lakini ukiongeza kasi, mwanga unaoingia unapungua. Hapo fungua tundu la lenzi, yaani namba ya f iwe ndogo, kama f/5.6. Bado giza? Pandisha ISO. Jua kali, 200 na f/8 zinatosha, mawingu, jaribu 800, jioni, 1600. ISO kubwa inaleta chengachenga, sawa, lakini uso utaonekana. Tena mbingu nyeupe nyuma ya mchezaji inaidanganya kamera, nyuso zetu nyeusi zinazidi kuwa giza. Ongeza mwanga, +1.

Akatukumbusha mwaka 2017, mbio za nyika za dunia zilipofanyika Kololo, palepale Kampala. Jacob Kiplimo wa Uganda alishinda mbio za vijana. Alivuka mstari mara moja tu. Hakuna wa kumwambia arudie.

Tulimpelekea bibi ile picha. Akaishika muda mrefu, akasema, "Miguu hii naijua." Familia ikasafiri kabla hatujapata nafasi ya kupiga nyingine.

Wazazi, kama mna mtu anayesubiri safari, tuambieni mapema, tuje uwanjani kabla hajaondoka. Kamera tumeshaiweka 1/1000.

Ni sisi walimu wenu.