Umoja na Wingi wa Majina ya Vyakula Yaliyokopwa: Mfano wa Ngara

Wanafunzi hufundishwa kwamba jina la chakula lililokopwa, kama chai au chapati, huingia katika ngeli ya I-/ZI- na umbo lake halibadiliki katika umoja wala wingi. Kanuni hiyo huonekana kutosha Dar es Salaam. Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, haitoshi, na anayelipia upungufu wake ni mtoto aliye katika chumba cha mtihani.

Wilaya ya Ngara inapakana na Burundi na Rwanda, na Kihangaza kinachosemwa humo ni jamaa wa karibu wa Kirundi. Kirundi nacho kimekopa chai, lakini kimeipokea kwa sikio jingine: icayi, ngeli ya 7, penye ki- na ch- za Kiswahili. Mtoto wa mpakani akiandika 'chai chake kimepoa', kalamu nyekundu haitamhurumia. Hata hivyo, chakula, chombo na chumba vina ch- iyo hiyo. Na Kiswahili chenyewe kilipopokea cheti kutoka Kihindi kilikipa wingi wa vyeti, kama kilivyokipa kitabu cha Kiarabu wingi wa vitabu. Kwa nini vyeti vikubaliwe na 'vyai' vikataliwe? Kusema kwamba chai haihesabiki hakutufikishi mbali. Chapati huhesabiwa kila asubuhi, na hakuna anayeagiza 'vyapati viwili'.

Chipsi ni tatizo la namna nyingine. Neno lilitoka Kiingereza likiwa tayari katika wingi, na Kiswahili kikaimeza ile s pamoja na shina. Mkaangaji hutazama karai na kusema 'chipsi zimeiva'. Mteja aliyechoka kungoja huuliza 'chipsi yangu iko wapi?' Wa kwanza anaona vipande, wa pili anadai sahani. Wote wawili wamesema sahihi.

Wala wingi wa punje hauamui jambo. Sukari ina punje zisizohesabika, nayo ni 'sukari hii'. Maharage ni 'haya'. (Haragwe moja limo kamusini, lakini jikoni halitajwi ila likiwa bovu.) Kirundi huyaita maharage ibiharage: wingi vilevile, ila ngeli ya 8.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo usahihishaji huifunika. Idadi ni jambo moja, ngeli ni jingine. Aliyeandika 'chai chake' ameshika umoja barabara. Akiandika 'maharage vimeiva', ameshika wingi barabara. Kilichomponyoka katika sentensi zote mbili ni kiambishi cha upatanisho tu, nacho kina asili inayoelezeka katika lugha ya nyumbani kwao. Mtahini ana haki ya kumpunguzia alama kwa kiambishi hicho. Hana haki ya kuandika pembeni kwamba mtoto hajui umoja na wingi, wala ya kuikata 'chipsi yangu' ya jirani yake.