Kabla ya Kliniki ya Wiki Sita

Leo naongea kuhusu watoto wachanga. Najua wengi wenu hamna mtoto na hamna haraka, lakini msipite. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Kenya wameshawahi kupata mimba. Hao ni watu tuliosoma nao, majirani wa ploti, madada zetu. Hii stori ni yetu.

Sasa cheki namba zingine. Mwaka 2014, watoto 61 kati ya kila 100 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Kufika 2022, walikuwa 82. Hiyo ni kazi kubwa, na kuondolewa kwa ada ya kujifungua hospitali za serikali mwaka 2013 kulisaidia. Lakini vifo vya watoto kabla ya kumaliza mwezi mmoja vilikuwa 22 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai 2014, na 21 mwaka 2022. Akina mama wamefika hospitali, na ile namba imesonga hatua moja tu.

Sehemu ya shida iko ndani ya hospitali zenyewe, kwa mashine na idadi ya manesi, tusijidanganye. Sehemu nyingine inaanza pale getini, mama akishapanda matatu na mtoto amefunikwa shali. Karibu robo tatu ya watoto wanaokufa wakiwa wachanga hufa wiki ya kwanza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe mara nne: siku ya kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, halafu wiki ya sita. Uliza mtaani watu wanajua ipi. Watakwambia wiki sita, ile ya chanjo. Hizo za katikati nani anazijua?

Si ati mama huyo anakosa wageni. Wanakuja na unga wa uji, njahi na pampas, wanabeba mtoto, wanabishana kama amefanana na babake, wanaenda. Mwaka jana binamu yangu alijifungua na akaruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake. Siku ya tatu akaja mama mmoja wa mtaa wetu, mhudumu wa afya ya jamii, na mkoba wake mgongoni. Huyo hakuuliza amefanana na nani. Aliuliza ananyonya mara ngapi. Akampeleka karibu na dirisha, akamvua soksi, akaangalia nyayo. Zilikuwa za manjano. Sisi wote tulikuwa tumemshika huyo mtoto na hakuna aliyekuwa amemvua soksi. Jioni hiyo alikuwa hospitali chini ya taa ya buluu, na baada ya siku mbili akarudi sawa. Leo anatambaa akivuta chaja za watu.

Hii si bahati ya ploti yetu peke yake. Kule Gadchiroli, India, madaktari Abhay Bang na mkewe Rani Bang waliwafunza wanawake wa vijijini kutembelea watoto wachanga nyumbani, kuwapima, kuwapa mama ushauri, na hata kutibu maambukizi. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1999: vifo vya wachanga vilishuka kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo.

Kenya watu tunao tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, kila mmoja na karibu nyumba 100, simu, na mkoba wenye mizani, kipima joto na mashine ya presha. Malipo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti, na mara kwa mara tunawasikia wakilia kwamba pesa imechelewa. Piga hesabu ya nauli na viatu peke yake.

Maoni yangu ni haya. Ile ziara ya siku ya tatu isingoje mhudumu asikie kwa majirani kwamba kuna mtoto. Nesi anapomruhusu mama, aulize anaishi wapi, apigie mhudumu wa huko simu, na tarehe iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Na huyo mhudumu alipwe kwa wakati.

Kuna kitu kingine wasichana hawasemi kwa sauti. Mhudumu ni jirani. Kama una miaka 17 na hutaki ploti yote ijue mambo yako, hodi yake inaweza kukutia baridi. Woga huo ni halali. Kwa hivyo mafunzo ya kutunza siri yachukuliwe kama kazi, si kama mapambo, na mama apewe nafasi ya kusema angependa mhudumu mwingine. Mtu akiogopa kufungua mlango, mizani haisaidii.

Wakati tunangoja wakubwa, kuna kitu tunaweza. Kama rafiki yako ana mimba, nendeni zahanati ya karibu muulize mhudumu wa eneo lenu ni nani, msevu namba yake kabla ya leba. Na ukienda kuona mtoto, uliza pia mama anaendeleaje. Akivuja damu nyingi, akiumwa na kichwa sana au akiwa na homa, ama mtoto akikataa kunyonya, akipumua mbiombio, akiwa moto sana au baridi, msingoje kesho. Hiyo safari ni ya saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.