Mistari ya Miwa

Shamba la miwa huchomwa jioni, upepo ukishatulia. Majani makavu yakiungua nyoka hukimbia, na kesho yake panga la mkataji hukutana na shina tupu. Moto wenyewe haukai, unanguruma dakika chache tu umekwisha. Moshi ndio uliotukalia. Ulilala bondeni usiku kucha juu ya kambi, na alfajiri wakataji waliamka wakikohoa kabla hawajagusa panga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nesi kijana katika zahanati ya shamba moja mkoani Morogoro. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, dawa za shida, sabuni ya foleni. Wakataji waliletwa kwa malori kutoka Singida, Dodoma, Iringa na Mbeya. Masizi yalichanganyika na jasho hata usimtambue mtu unayemjua. Ulichoona ni macho mekundu. Miezi tuliyoiogopa ni ya jua kali, Oktoba na Novemba. Ikifika saa tano asubuhi walianza kubebwa kuletwa kwetu, misuli ya tumbo na mapaja imekakamaa, wengine wanatapika, wengine wanaweweseka. Mkojo niliopokea kwenye chupa za kupimia ulikuwa kama chai ya rangi. Kwenye kadi, karibu wote waliandikiwa malaria.

Mzee mmoja Mnyiramba, mkataji hodari, aliletwa mara mbili katika wiki moja. Nilimpa maji tuliyofundishwa kuwachanganyia watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alipopata nguvu akaanza kutafuta panga lake.

“Baba, pumzika kwanza, jua lipungue.”

“Mwanangu, nikikaa kivulini, mistari yangu atakata nani?”

Malipo yalikuwa kwa mistari. Ukimaliza mistari yako umepata siku. Ukiacha hata nusu mstari, siku haikuandikwa. Pipa la maji lilikuwepo, tena limejaa, kule mwisho wa njia ya trekta. Kwenda na kurudi ni miwa mingi isiyokatwa. Watu wale hawakuwa wajinga wa kukataa maji. Walikuwa na watoto wanaosubiri hela nyumbani.

Nyapara mmoja alikubali kujaribu utaratibu tofauti na kundi lake. Walianza kazi saa kumi na moja alfajiri, kijana wa baiskeli akawapelekea madumu mpaka kwenye mistari, turubai likafungwa juu ya miti minne. Kubwa kuliko yote, mistari ya siku ilipunguzwa kwa ujira uleule, mtu akaweza kukaa bila kupoteza siku yake. Walijifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani, ila hivyo vilizuia masizi tu. Chembe za moshi ni ndogo mno, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Watu wa kundi hilo niliwaona zahanati mara chache sana. Msimu uliofuata nyapara akahamishwa, mistari ikarudi ileile.

Nilishastaafu niliposoma habari za Chichigalpa, mji wa miwa huko Nicaragua, ambako vijana wasio na kisukari wala presha walikuwa wakifa kwa figo. Watafiti walitaja kazi nzito juani na upungufu wa maji mwilini. Nilizikumbuka zile chupa. El Salvador walijaribu maji, kivuli na mapumziko ya kupangwa, na tani anazokata mtu kwa siku hazikupungua, ziliongezeka. California, ambako watu huvuna mazao huku misitu ikiungua, waliweka kanuni ya joto mwaka 2005: kivuli, na karibu lita moja ya maji kwa kila mtu kwa saa. Ya moshi ilifuata 2019, pamoja na barakoa. Lakini iliyonigusa zaidi ni sheria yao iliyoanza 2016, kwamba anayelipwa kwa kipande cha kazi alipwe pia muda wake wa kupumzika. Mzee wa Kinyiramba angeielewa mara moja.

Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na tuna wakala wa kuisimamia. Mkaguzi akifika shambani, naomba aanze kwa kumuuliza mkataji analipwaje, ndipo aulize pipa la maji liko wapi.